Vyungu Pacha vya Darasa la Saba

Jumatatu, 5 Juni 1989

Beldina,

Vita vimeanza. Leo wakati wa chai ya saa nne, Mwalimu Mkuu, Mzee Ouma, alisema kwamba chumba changu cha Sanaa na Ufundi kinatazamwa na macho mengi. Macho mengi! Ni macho mawili tu, na yote ni ya Madam Adero wa Sayansi Kimu. Amelalamika kwamba wasichana wake wanapikia uani na mvua inanyeshea unga. Ati mwaka huu wamekaanga tope zaidi kuliko chapati. Walimu walicheka. Mimi sikucheka. (Nilicheka kidogo.)

Mkaguzi wa shule anakuja Ijumaa ya wiki ijayo. Mzee Ouma amekata shauri: ambaye wanafunzi wake wataonyesha kazi bora, chumba ni chake. Madam Adero akajibu papo hapo kwamba akikipata, kitu cha kwanza ni chokaa. Ukuta wote. Ati jikoni lazima pawe peupe.

Chokaa, Beldina.

Wewe unajua kilicho ukutani. Ile jioni ulipopitia shuleni na kikapu cha mboga, jua likaingia dirishani, nikakuomba usimame karibu na ukuta ili niwaonyeshe darasa la saba jinsi ya kuchora kivuli. Nilifuata ukingo wa kivuli chako kwa makaa. Hukutulia. Ulicheka, ndiyo maana mdomo ukatoka wazi na pua ikazidi kidogo. Kilemba kilitoka vizuri. Tangu tukuzike mwaka jana, mke wangu, sijamruhusu mtu kuegemea pale. Nimeweka dawati mbele yake na kusema lina mguu mbovu.

Ningeweza kumwambia Mzee Ouma. Lakini mwanamume mzima atasema nini? Kwamba anataka chumba cha serikali kwa sababu ya kivuli? Hapana. Nitashinda kwa akili.

Jumatano, 7 Juni

Nimepata mpango! Vyungu!

Nilisimama mbele ya darasa la saba nikawaambia kwamba kila mmoja alete chungu kidogo Jumatatu, alichofinyanga kwa mikono yake mwenyewe, nyumbani kwao. Udongo ni wa bure. Mkaguzi akiona meza imejaa vyungu vya watoto wa shule moja, atalia machozi. Na mimi sitachafua chumba. Mpango safi kabisa.

Nelima, yule msichana wa dawati la mbele ambaye ulimi wake haujui likizo, aliuliza kama mwalimu mwenyewe anajua kufinyanga. Swali gani hilo! Nilimwambia nilizaliwa na udongo mikononi. Nikaahidi kwamba Jumatatu nitaleta changu, kiwe mfano.

Kumbe Madam Adero alikuwa dirishani na sufuria yake. Alisema kwao kufinyanga ni kazi ya akina mama, na tangu azaliwe hajaona mwanamume wa Bungoma akifinyanga kitu kingine zaidi ya tonge la ugali kwa kuku. Akasema Jumatatu atakuja na kiti chake mwenyewe atazame.

Nilitabasamu.

Ijumaa, 9 Juni

Nimefinyanga.

Chungu cha kwanza kiliinama kama mtu aliyesikia habari mbaya, kisha kikalala. Cha pili kilisimama, lakini jirani alipopita aliuliza kama ninatengeneza kiatu cha polisi. Nilikikausha karibu na moto nusu siku, nikakiweka juu ya jiko kichomeke. Kililia pa! Vipande vikaruka hadi kwenye paa la mabati. Jirani akarudi mbio akiuliza nani amepigwa risasi.

Nilimwambia ni mahindi.

Ungekuwapo, ungekaa pale mlangoni ukanicheka mpaka ukohoe. Ulikuwa ukisema watu wote ninaowachora wanaweka mikono mifukoni kwa sababu siwezi kuchora vidole. Ni kweli. Hata ng'ombe ningemwekea mifuko kama ingewezekana.

Sitafinyanga tena. Nina mpango mwingine.

Jumapili, 11 Juni

Baada ya ibada nilikwenda soko la Kibuye. Si kununua mboga. Nilikwenda kwa Mama Awuor, muuza vyungu, anayekaa upande wa wauza magunia. Nilivaa kofia nikaivuta usoni nisijulikane. Aliniita kwa sauti iliyosikika soko zima: “Japuonj! Mwalimu! Habari ya watoto?”

Nikasema nimepita tu.

Beldina, kule kwake palikuwa peupe! Mikeka mitupu. Kimebaki chungu kimoja kidogo chenye shingo nyembamba na mstari wa alama za kamba mabegani. Mama Awuor alikuwa na furaha kubwa. Alisema jana na leo Mungu amemkumbuka. Watoto wamekuja mmoja mmoja, kila mmoja anataka kile kidogo, kile kile, na kila mmoja anaficha chini ya shati. Ati watoto wa siku hizi wamerudia mambo ya babu zao.

Niliguswa sana. Nilimwambia hayo ndiyo matunda ya elimu.

Nikanunua kile cha mwisho. Nyumbani nilikisugua kwa majivu kionekane kimetoka motoni juzi. Kwa msumari nikaandika herufi zangu chini yake, L.W. Kizuri sana. Hata mimi mwenyewe nimeanza kuamini.

Jumatatu, 12 Juni

Aibu.

Niliingia darasani na chungu changu nimekifunika kwa kitambaa. Madam Adero alikuwa ameshaweka kiti chake mlangoni. Nilitoa hotuba fupi kuhusu uaminifu wa mikono ya fundi. Ilikuwa hotuba nzuri. Kisha nikafunua.

Nelima akaanza kucheka. Nikatazama madawati. Chungu. Chungu. Chungu. Shingo nyembamba ile ile. Alama za kamba zile zile. Darasa zima lilikuwa na vyungu ndugu, na changu kilikuwa kitinda mimba wa familia hiyo.

Nelima aliuliza, kwa heshima kubwa, kama na mimi Mama Awuor aliniambia kimebaki kimoja tu. Watoto walianguka chini ya madawati. Madam Adero alibeba kiti chake akaenda, na mabega yake yalikuwa yanaruka.

Ningemwadhibu nani? Kwa uso upi?

Niliwaambia wafunge mlango. Tukakaa kikao. Niliuliza kama kuna aliyefinyanga cha kwake. Mvulana mmoja alisema alijaribu, kikafanana na nyanya yake, nyanya akakivunja. Nilimwelewa kabisa.

Mkaguzi anakuja Ijumaa. Hakuna muda wa kuanza upya. Hapo ndipo nikapata mpango, Beldina, na ni mkubwa kuliko yote. Tutavivalisha vyungu hivi! Kila mtoto achague nguo ya chungu chake, tofauti na ya mwenzake, nje kote, hadi Mama Awuor mwenyewe akipita asiwatambue watoto wake. Waliniuliza wavivalishe nini. Nikasema chochote mnachokanyaga njiani mkija shuleni.

Jumatano, 14 Juni

Ninaandika upesi, bado nina gundi vidoleni.

Beldina, ungeviona! Wameleta maganda ya mayai, vizibo vya soda vilivyopondwa na magurudumu, nyuzi za nyavu zilizochakaa, vioo vya chupa vilivyosuguliwa na mawe, maharagwe, mbegu za matikiti. Amolo, yule mpole asiyesema, ametengeneza daraja la Sondu kwa maharagwe, na mto chini yake kwa vipande vya kanga ya mama yake. Sijauliza kama mama anajua.

Nelima alileta ndoo ya magamba ya mbuta kutoka kwa akina mama wanaosafisha samaki ufuoni. Ameyaosha kwa sabuni na bado yananuka. Anayabandika moja moja, akianzia chini kwenda juu. Nilimwambia aanzie juu, ndiyo kanuni. Alinijibu kwamba samaki hajasoma kanuni. Nikaondoka.

Gundi tunapika kwa unga wa muhogo. Inashika vizuri, ila jana kuku wa mlinzi waliingia wakala kuta mbili za nyumba ya maharagwe kwenye chungu kimoja.

Jambo la ajabu limetokea. Katikati ya kipindi nilitambua kwamba hakuna anayepiga kelele. Darasa zima! Vichwa vimeinama, ndimi ziko nje pembeni mwa midomo. Kengele ililia na hakuna aliyesimama. Mimi mwenyewe nilikuwa nimepiga magoti nikimshikia Amolo daraja lisianguke. Nilisahau kabisa kwamba tunadanganya.

Kisha Madam Adero akaja kulalamika. Unga wake unanuka samaki, na paka wa mtaa mzima wamehamia uani. Nilimwambia paka nao ni wapenzi wa sanaa. Alikuwa anaondoka, lakini alisimama. Akatazama ukutani, juu ya lile dawati la mguu mbovu. Akauliza huyo mama ni nani.

Nikasema ni somo la vivuli.

Alitazama muda mrefu. Akasema kilemba kimefungwa vizuri. Akasema anaonekana alikuwa mtu wa kucheka. Nikajibu kwamba somo lilikuwa refu na makaa yalikuwa mabovu. Akaenda polepole, bila kutaja paka tena.

Hajashuku kitu. Nilijibu vizuri sana.

Alhamisi, 15 Juni

Msiba! Msiba mkubwa! Yaani si msiba. Unanielewa.

Mchana tulipaka vanishi. Vyungu viling'aa. Niliona ndani ya chumba havitakauka upesi, nikaamuru vitolewe kwenye varanda ya upande wa ziwa vipigwe na upepo. Nelima aliuliza kama nina hakika. Nilimwambia mwalimu ana hakika daima.

Saa kumi na moja niliona moshi juu ya ziwa. Nikadhani watu wanachoma majani. Moshi ukainuka, ukazunguka, ukaja. Haukuwa moshi. Wadudu wa ziwa! Wingu zima! Tuliokaa Kisumu miaka yote hii tunajua wanavyokuja, na bado mimi nilipanga vyungu vilivyolowa vanishi mbele yao kama chakula cha harusi. Tulikimbia ndani na mashati vichwani. Tulipotoka, kila chungu kilikuwa kimeota manyoya.

Nilikaa kwenye ngazi. Nilikuwa ninaona ndoo ya chokaa.

Watoto walikusanyika. Nelima aliinua chungu chake akakigeuza juani. Kati ya magamba, wadudu walikuwa wamejaa mistari yote, wadogo kama mchanga, na magamba yakaonekana kuinuka kama yanapumua. Alisema, “Mwalimu, si mbaya.” Amolo naye, ambaye sijamsikia akisema tangu Januari, alisema daraja lake sasa lina watu.

Tukapaka vanishi mara ya pili, juu ya wadudu. Ndani, safari hii.

Akiuliza mkaguzi, nitasema ni mchanga.

Ijumaa, 16 Juni

Nitaeleza kwa utaratibu.

Mkaguzi alifika kwa gari dogo jeupe, mtu mrefu wa mtaa wa Milimani, miwani kwenye kamba. Wazazi walikuwa wamejaa. Alianza kwa Madam Adero. Mvua nayo ikaanza wakati ule ule. Wasichana walipika chini ya miavuli iliyoshikwa na wenzao, na chapati zikatoka nzuri, nikasema ukweli moyoni mwangu, nzuri sana. Mkaguzi alikula mbili akaomba ya tatu afungiwe.

Kisha akaja kwangu.

Alizunguka meza. Akasema hajaona kitu kama hiki. Nilivuta pumzi, nikamwona Mzee Ouma akikaa wima. Mkaguzi akachukua chungu cha Nelima, akapitisha kidole, akauliza hizi chembechembe nzuri katikati ya magamba ni nini. Nilimwambia ni mchanga mwembamba wa mto Sondu, tumeuchekecha mara tatu.

Alivaa miwani. Akainama. Akauliza mchanga wa Sondu una mabawa tangu lini.

Kabla sijapata jibu (nilikuwa karibu kulipata), vigelegele vililia mlangoni. Mama Awuor! Kumbe mjukuu wake yuko darasa la tano, amekuja kama wazazi wengine. Alikwenda moja kwa moja mezani, akaingiza mkono ndani ya chungu kimoja, ndani ya kingine, ndani ya cha tatu. Nje tulivivalisha, Beldina. Ndani hatukugusa. Akapaza sauti, “Watoto wangu! Nani amewavalisha hivi?” Akawa anavisalimia kimoja kimoja kama wageni waliotoka safari. Alipofika kwenye changu alisema hiki ndicho cha mwalimu, alinunua Jumapili akiwa amejificha ndani ya kofia.

Wazazi waliangua kicheko. Mzee Ouma alifunika uso. Nilifungua kinywa niseme kwamba vyungu vya nchi hii hufanana sana, lakini Nelima alikuwa ameshasimama.

Alisema yote. Kwamba vyungu walinunua, na mwalimu naye alinunua. Kwamba wadudu walikuja wenyewe. Lakini kuanzia ukingoni hadi chini, kote nje, ni kazi yao, na mkaguzi awaulize mmoja mmoja akitaka.

Akawauliza mmoja mmoja. Nelima alipoulizwa kwa nini alianzia chini, alisema kila gamba linalala juu ya lenzake kama mabati, ukianzia juu lazima uyainue yote upya. Amolo alieleza daraja lake mpaka mkaguzi akavuta kiti akakaa. Yule mvulana wa nyanya alieleza hata chungu kilichovunjwa. Hakuna aliyekwama. Beldina, nilisimama pembeni na macho yangu yalikuwa na maji. Nilisema ni vanishi.

Mkaguzi alicheka mwishoni. Alisema kila shule anayokwenda anaonyeshwa vyungu vilivyofinyangwa na watoto, na hii ndiyo ya kwanza kumwambia vimenunuliwa wapi. Akasema watoto hawa wana mikono na wana vichwa, wanachokosa ni mtu wa kuwafundisha kufinyanga, na mtu huyo si mimi. Akamwomba Mama Awuor aje shuleni kila Jumatano. Mama Awuor alikubali, akaomba tu nisifinyange karibu yake.

Kuhusu chumba, alisema chapati zile hazistahili mvua na kazi hii haistahili kufukuzwa. Kigawanywe katikati.

Nusu yangu! Nimeshinda! Niliwashika watoto mikono wote.

Kisha Mzee Ouma akachukua chaki akapiga mstari sakafuni, kutoka mlangoni hadi ukuta wa nyuma. Nikaufuata kwa macho. Ukuta wako umeangukia upande wa Madam Adero. Kwa urefu wa mkono tu.

Jumamosi, 17 Juni

Niliamka nikiwa na mpango. Mzuri kuliko ile mingine yote.

Nilifika shuleni mapema, nikafuta mstari kwa kitambaa kilicholowa, nikauchora upya, umesogea upande wa pili. Nilikuwa bado nimepiga magoti na chaki mkononi Madam Adero alipoingia na wasichana wake, ndoo ya chokaa na brashi. Nilimwambia natafuta kifungo.

Alitazama mstari. Alinitazama mimi. Akawatuma wasichana wakachote maji, tukabaki wawili. Akasema, “Bwana Waliaula, kuna kitu juu ya ukuta huu ungependa nikijue?”

Aliuliza taratibu kabisa. Hakuwa na sufuria wala mzaha.

Nikasema hapana. Hakuna kitu. Ukuta ni ukuta. Halafu, kwa sababu akili yangu haikosi kitu, nikaongeza kwamba nimesoma mahali fulani kuwa chokaa huvuta wadudu wa ziwa, hasa ikipakwa kwenye kona ile.

Aliitazama ile kona. Akasema, “Kona ile tu?” Nikasema kona ile tu.

Wasichana waliporudi aliwaambia chokaa ni kidogo, kwa hiyo waanzie mlangoni na waishie dirishani, wasipite hapo. Jiko litawekwa upande ule mwingine, moshi usifike kwa huyo mama. Akatoa leso safi mkobani, akaipigilia misumari miwili juu ya kivuli chako, akasema iteremshwe kila wanapopika na ikunjwe wakimaliza. Wala hakuufuta mstari wangu. Aliponipita alinishika bega akasema kesho atatuma chapati, maana anaona siku hizi nimekonda.

Ameamini! Ameamini habari ya wadudu! Mwanamke msomi vile, amedanganyika kama mtoto. Wala hakuuliza nimesoma wapi. Chapati nadhani ni za kuniomba amani. Nitazipokea, lakini nitakuwa macho.

Sasa ni akili tu, Beldina. Jumatano Mama Awuor anaanza kufundisha, na Nelima ametangaza kwamba mwalimu atakaa dawati la mbele afinyange kama wengine, darasa zima litazame. Usiwe na wasiwasi. Nimeshaagiza kwa siri chungu kimoja kilichopinda kidogo, kisionekane ni cha soko.

Nitakuandikia kilivyopokelewa. Huko uliko, nikumbuke.

Laban